Kaka yako na utafiti wa homa ya ini B: niliyoyaona nikiwa mshiriki

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba kaka yako aligundulika na homa ya ini B alipokwenda kuchangia damu, kwamba kliniki imemwomba aingie kwenye utafiti wa kufuatilia wagonjwa, na kwamba anahofia kugeuzwa panya wa maabara. Mimi nina ugonjwa huohuo na nimeshiriki tafiti mbili za aina hiyo.

Utafiti wa ufuatiliaji haumpi mtu dawa mpya. Humpima kila baada ya miezi kadhaa na kuandika hali ya ini lake. Majaribio ya dawa ni jambo jingine, na hapa Tanzania yanahitaji kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) juu ya kile cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Kipimo kinachowatisha wengi ni fibroskani, mashine inayopima ugumu wa ini, nacho hakina maumivu: unafika hujala kwa muda wa saa tatu, unalala chali mkono wa kulia ukiwa juu ya kichwa, unapakwa jeli kati ya mbavu, kisha kifaa kinakugongagonga mara kumi hivi, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Kwa nini damu yetu ina thamani? Penye uhaba wa mashine hiyo, daktari hukadiria makovu ya ini kwa hesabu iitwayo APRI, inayotumia kimeng'enya cha AST na chembe sahani za damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulitaka APRI ipite 2 ndipo mtu mzima ahesabiwe kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Takwimu za wagonjwa wa kliniki za Afrika zilionyesha kwamba kiwango hicho kiliwaacha nje watu wengi ambao ini lao lilikuwa limekwisha kuharibika, na mwongozo wa Machi 2024 ukashusha: zaidi ya 1 ni dalili ya sirosisi, na zaidi ya 0.5 ni dalili ya makovu yanayostahili dawa. AST yangu ilikuwa 48, ukomo wa maabara ukiwa 40, na chembe sahani 150. Yaani APRI ya 0.8. Kwa kipimo cha zamani nilikuwa mbali na mstari, kwa kipimo kipya nimeuvuka ule wa 0.5, na leo ninameza tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi hivi, kila siku. Mstari huo ulishushwa kwa sababu wagonjwa kama sisi walikubali kunyoosha mkono.

Hata hivyo asisaini kwa haraka. Katika utafiti wa kwanza, hospitali ambayo sitaitaja ilinitoa damu mara tatu bila kunirudishia jibu hata moja, na jambo hilo linaniuma hadi sasa, kwa maana mgonjwa anayetoa damu yake ana haki ya kujua imesema nini. Utafiti wa pili ulinipa kila jibu kwenye karatasi, na daktari akakaa nami kunieleza.

Basi fomu ya ridhaa aende nayo nyumbani aisome. Aulize majibu atayapata lini, sampuli zitahifadhiwa wapi na kama zitasafirishwa nje ya nchi, nauli ni ya nani, na kama akijitoa katikati ataendelea kutibiwa kama kawaida. Hilo la mwisho lazima liwe limeandikwa kwenye fomu yenyewe, si kutamkwa tu na anayemsainisha.