Fedha zikiwa mbali naamua vizuri, zikifika nageuka

Swali: Ndugu mhariri, kila mwezi kabla mshahara haujaingia huwa nimekwisha kuamua kwa dhati kwamba nitatenga sehemu yake kwa ajili ya ada ya masomo ninayotaka kuyaanza mwakani, na hata kiasi chenyewe huwa nimekiandika. Fedha zikifika, nanunua kitu ambacho siku tatu nyuma nilikiona kuwa kinaweza kungoja. Mume wangu anasema sina subira, nami nimeanza kuamini. Je, subira hufundishika ukubwani?

Jibu: Dada yangu, barua yako yenyewe inaipinga hukumu uliyojipa. Asiye na subira kabisa angeitamani starehe ya haraka hata katika mipango yake. Wewe, fedha zikiwa mbali, unayachagua masomo bila kusitasita, na unageuka pale tu zinapokaribia.

Mwaka 1937 mwanauchumi Paul Samuelson alipendekeza hesabu ambayo kila kipindi cha kungoja huipunguza thamani ya kitu kwa kiwango kilekile, ingawa yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba si lazima watu waishi hivyo. Kwa hesabu hiyo, anayeipenda zawadi kubwa ya baadaye akiwa mbali ataendelea kuipenda hata akiikaribia. Majaribio yaliyofuata yalionyesha jambo jingine: thamani huporomoka haraka sana katika siku za mwanzo za kungoja, kisha hushuka polepole. Mwanasaikolojia James Mazur, aliyefanya majaribio kwa njiwa, alilieleza jambo hilo mwaka 1987 kwa kanuni fupi: zidisha muda wa kungoja kwa kipimo cha haraka ya anayechagua, ongeza moja, kisha ugawanye ukubwa wa zawadi kwa jumla hiyo. Tuseme tunahesabu kwa siku na kipimo chako ni 0.1. Zawadi ya 100 leo ina uzito wa 100, ilhali ya 150 baada ya siku 10 ina uzito wa 75, basi ya leo inashinda. Zisogeze zote mbili mbele kwa siku 30: ya 100 inabaki na uzito wa 25, na ya 150 inapata 30. Zawadi ni zilezile na mtu ni yuleyule, ila umbali umebadilika na uamuzi umepinduka, kama unavyopinduka wako kila mwezi.

Kwa sababu hiyo sikushauri ujikaze zaidi siku ya mshahara, kwani hiyo ndiyo saa ambayo mizani imekwisha kuelemea upande mmoja. Nakushauri uamue mapema, tena kwa namna isiyokuachia nafasi ya kuamua upya. Wanasaikolojia Howard Rachlin na Leonard Green waliliona hili mwaka 1972 kwa njiwa, na kila nikilifikiria linanigusa. Akipewa kuchagua kati ya kula kwa sekunde 2 papo hapo na kula kwa sekunde 4 baada ya kungoja sekunde 4, njiwa alidonoa kitufe cha mlo mdogo karibu kila mara. Kisha waliweka hatua ya awali, ambapo kitufe kimoja kilimpeleka kwenye uchaguzi uleule na kingine kilimpeleka kwenye mlo mkubwa tu, pasipo njia ya kugeuka. Kadiri hatua hiyo ilivyotangulia mlo kwa muda mrefu zaidi, ndivyo njiwa walivyozidi kuchagua kitufe cha kujifunga.

Kwako wewe, kitufe hicho ni agizo kwa mwajiri au benki kwamba ada ikatwe kabla mshahara haujakufikia. Ukiona ugumu wa kuanza mwezi huu, kubali leo kwamba makato yaanze na nyongeza ijayo ya mshahara. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walieleza mwaka 2004 jinsi wafanyakazi wa kampuni moja waliokubali mpango wa namna hiyo walivyopandisha akiba yao kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika miezi 40.

Swali: Mwanangu wa miaka minne hula kitamu mara tu anapopewa, ingawa namwahidi cha pili akisubiri. Nimesikia kwamba watoto wa namna hiyo hawafanikiwi ukubwani. Je, niwe na hofu?

Jibu: Hapana. Uliyoyasikia yanatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambapo mtoto aliachwa chumbani na kitamu kimoja na kuahidiwa viwili akisubiri. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 1990 uliwaona waliosubiri zaidi wakifanya vizuri masomoni, lakini utafiti wa mwaka 2018 wenye watoto zaidi ya 900 ulikuta uhusiano huo ni mdogo mno, hasa hali ya familia ilipozingatiwa.

Ningependa uzingatie zaidi jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester la mwaka 2013. Watoto 28 walipewa kwanza kalamu za rangi zilizochakaa na kuambiwa wangoje zilizo bora. Nusu yao waliletewa. Kwa wengine, mtafiti alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba hazipo. Walipowekewa kitamu baadaye, waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12, na waliovunjiwa ahadi dakika 3. Hao wa pili walikuwa wametumia akili: aliyekwisha kudanganywa mara moja ana sababu ya kula kilicho mkononi. Basi, kabla ya kumpima mwanao, jiulize ni mara ngapi hicho cha pili kilifika kweli. Anza na ahadi ya dakika mbili, uitimize, na wakati anangoja kifunike kitamu chenyewe, kwani Mischel naye aliona kwamba watoto wasiokiona husubiri kwa muda mrefu zaidi.