Unapenda kukaa nyumbani, au unaogopa kutoka?

Mtu anayependa kukaa kwake na mtu anayeogopa kutoka wanaweza kufanana kwa miaka. Wote wawili Jumamosi wako ndani, na wakialikwa harusini wote wanatafuta udhuru. Ukihesabu siku walizotoka mwezi mzima, huenda zikalingana. Kwa hiyo kuhesabu siku hakukuambii kitu. Jiulize hivi: siku ukiamua mwenyewe kutoka, unatoka?

Mpenda nyumbani akiumwa jino au jirani akifiwa, anavaa viatu na kwenda. Atanung'unika, atatamani kurudi mapema, lakini safari haimtishi. Akirudi amechoshwa na watu na kelele. Anayeogopa huanza kuteseka mapema, pengine tangu usiku wa kuamkia safari. Anapiga hesabu: nitakaa wapi, mlango uko upande gani, choo kiko wapi, nikizidiwa nani atanichukua?

Angalia pia kinachokupata unapoahirisha. Mpenda nyumbani anabaki na jioni yake, anapika, anasoma, anazungumza na wa nyumbani, na anaifurahia. Mwenye hofu anapata ahueni kubwa ya ghafla. Ahueni hiyo haikai. Nyuma yake huja aibu, na baada ya aibu huja wasiwasi wa safari inayofuata. Ahueni ndiyo inayolisha tatizo, maana mwili unajifunza kwamba ulibaki ndani ndiyo maana ukanusurika. Udhuru wa leo unaurahisisha wa kesho, na mpaka unasogea kimyakimya: kwanza unaacha safari za mbali, kisha soko, kisha mtaa wa pili, mwishowe lango.

Siku hizi hofu hii hujificha vizuri zaidi. Kazi inafanyika kwenye kompyuta, chakula kinaletwa, malipo yanamalizikia kwenye simu. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akijiita mpenda utulivu, asigundue hali yake mpaka siku anapolazimika kwenda mahali. Kama una shaka, jipime kwa wiki nne. Kila wiki chagua safari moja ya kawaida, peke yako, ya saa moja hivi, na usiifute. Ukiona inachosha tu na ungependa kuwa kwako, uko salama na huna cha kutibu. Usikubali mtu akuite mgonjwa kwa sababu hupendi sherehe. Lakini ukikuta umetafuta visingizio vitatu kabla ya kila safari, au umeimaliza huku ukihesabu dakika na moyo ukidunda, endelea kusoma.

Daktari Mjerumani Carl Westphal aliieleza hali hii mwaka 1871 na kuiita agorafobia. Aliona kwamba wagonjwa walioshindwa kuvuka uwanja mpana waliuvuka kwa nafuu wakiwa na mwenzao. Wengi bado wanadhani ni woga wa uwanja tu. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja mazingira matano: usafiri wa umma, mahali pa wazi kama maegesho na madaraja, mahali palipofungwa kama maduka na kumbi, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Hofu iguse angalau mawili kati ya hayo, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 6 au zaidi. Kikubwa zaidi ni sababu yake: mtu anaogopa kwamba mwili ukimgeuka atashindwa kuondoka pale alipo, au hatapata msaada. Anayekwepa njia fulani kwa sababu watu wanaporwa pale anajilinda, na hilo ni jambo lingine.

Kuna hali nyingine zinazomfungia mtu ndani. Anayeogopa macho na maneno ya watu, ambaye barabara tupu haimsumbui, ana hofu ya kijamii. Ambaye hata nyumbani hafurahii kitu, chakula hakina ladha na usingizi umeharibika, huenda ana sonona. Kumhimiza tu atembee hakutoshi. Aliyeanza kujifungia baada ya ajali au shambulio anahitaji msaada unaoshughulikia tukio lenyewe.

Kabla ya mazoezi yoyote, pimwa mwili mara moja, na upimwe vizuri. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pumu na matatizo ya sikio la ndani vinaweza kuleta dalili zilezile. Kahawa nyingi nayo inazichochea. Maumivu mapya ya kifua, hasa yanayosambaa kwenye mkono au taya au yanayokuja unapojituma, ni ya hospitali papo hapo. Majibu yakishatoka safi, acha kurudia vipimo. Kupimwa kila mwezi ili upate moyo ni udhuru mwingine wenye sura ya busara.

Sasa elewa mwili unafanya nini. Adrenalini, homoni inayouandaa mwili kwa hatari, inapanda, moyo unakwenda mbio, unapumua haraka kuliko unavyohitaji. Pumzi hizo zinapunguza kaboni dioksaidi katika damu, ndipo unapopata ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu, na ile hali ya kuona kila kitu kama si halisi. Unahisi hewa imekuishia wakati oksijeni ipo ya kutosha. Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya 10, kisha linashuka lenyewe. Wengi huogopa kuzimia, lakini mtu huzimia shinikizo la damu linaposhuka, na katika hofu ya namna hii kwa kawaida linapanda. Kuzimia kwa hofu hii ni nadra sana.

Tiba yenyewe ni kurudi nje kwa mpangilio. Andika mazingira 10 hadi 15 unayoyakwepa, kila moja ulipe alama kutoka 0 hadi 100 kwa kadiri linavyokutisha. Anza na lenye 30 au 40. La 10 halikufundishi chochote, na la 90 litakurudisha ndani. Ukikuta orodha inaruka kutoka 30 hadi 70, jaza katikati kwa kubadili kitu kimoja tu: umbali, muda, kuwa na mtu au peke yako, wingi wa watu, au wepesi wa kuondoka pale. Kwa mfano, kusimama nje ya lango dakika 10, kisha kutembea mita 100 na mwenzako akiwa nyuma yako, kisha mita hizohizo peke yako, kisha hadi dukani bila kuingia, kisha kuingia saa isiyo na watu, kisha kupanga foleni saa ya msongamano.

Kabla ya kutoka, andika unachotabiri, kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa: "Nitaanguka kwenye foleni kabla ya dakika 5," na una uhakika kiasi gani kwa mia. "Nitajisikia vibaya" haifai, kwa sababu ni kweli utajisikia vibaya. Ukirudi, andika kilichotokea. Daftari hilo litakufaa kuliko maneno ya faraja, maana hofu husahau haraka kwamba ilikosea.

Kaa nje muda wa kutosha, dakika 30 hadi 45 kwa hatua nyingi, na urudie siku 4 au 5 kwa wiki. Safari moja ya Jumapili haitoshi. Mwili unasahau kabla ya Jumapili nyingine. Usingoje alama ifike sifuri ndipo upande. Ikishuka hadi 20 au 30, na umeifanya hatua hiyo saa tofauti na mahali tofauti, panda.

Mahali watu wengi wanapokwama ni vile vitu vidogo vya kujihami: chupa ya maji isiyotoka mkononi, kidonge mfukoni kisichomezwa, simu iliyofunguliwa kwenye namba ya ndugu, kiti kilicho karibu na mlango, kushika ukuta au toroli. Mtu anafanya mazoezi miezi mitatu na hofu haipungui, kwa sababu kila safari mwili unaishukuru chupa. Viorodheshe, kisha viondoe kimoja kimoja, kila kimoja kiwe hatua yake. Mwenza naye ni mmojawapo: kwanza awe kando yako, kisha mita 50 nyuma, kisha abaki nyumbani na simu, mwishowe asijue saa uliyotoka. Pombe ya kujipa ujasiri iache kabisa, kwani kesho yake wasiwasi huongezeka.

Hofu ikikupanda katikati ya safari, simama ulipo. Legeza mabega, toa pumzi taratibu, iache ipande na kushuka bila kushindana nayo. Ukishindwa kabisa, sogea mbali kidogo, pumzika, na urudi siku hiyohiyo, hata kwa hatua ya chini zaidi. Kosa linaloumiza ni kukimbia hofu ikiwa kileleni na kuishia hapo. Kosa la pili ni la siku nzuri: mtu anaruka hatua tano kwa furaha, anagonga mwamba, anaacha wiki mbili.

Kama unachoogopa hasa ni dalili zenyewe, zizoeshe ukiwa nyumbani: kimbia papo hapo dakika 1, zunguka kwenye kiti dakika 1, pumua kwa mrija mwembamba dakika 2. Rudia mpaka ziwe usumbufu tu. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, au mjamzito amuulize daktari kwanza.

Kwa wanaoishi na mwenye hofu: mmekuwa mkimnunulia, mkimpokelea, mkimsemea, kwa upendo. Msikate msaada huo wote ghafla, wala msimvute nje kwa nguvu au kwa hila, maana atapoteza imani nanyi na mlango pia. Kubalianeni kila wiki arudishiwe shughuli moja. Na badala ya kumwambia mara ishirini kwamba hakuna kitakachompata, mwulizeni leo amepanga hatua gani.

Dawa zipo. Zinazotumika mara nyingi ni zile za kutibu sonona zinazofanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya ubongo; huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na siku za mwanzo zinaweza kuzidisha wasiwasi kidogo, jambo linalowafanya wengi waziache mapema mno. Benzodiazepini, kundi la dawa za kutuliza wasiwasi, hutuliza haraka, lakini mwili huzizoea, na hupunguza kile unachojifunza ukiwa nje. Hakuna kati ya hizo inayoachwa ghafla bila daktari.

Ukiona huwezi hata kufika kliniki, omba kikao cha kwanza kwa simu, na useme wazi kwamba tatizo lako ni kutoka. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi. Mwambie aliye karibu nawe na mtafute msaada leo. Unapochagua mnasihi au mwanasaikolojia, mwulize mambo mawili: atakupangia mazoezi ya kutoka, na yuko tayari kutoka pamoja nawe mara za mwanzo? Akizungumza nawe miezi mingi kuhusu utoto wako bila kukupa hata zoezi moja la kuvuka lango, tafuta mwingine.