Bango la vidakuzi na swali la "mgeni katoka wapi?"

Mdogo wangu unayeanza kazi ya tovuti, iko siku mteja atakuambia kama alivyoniambia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo: "Mwanangu, hilo bango la vidakuzi linaniudhi. Wajukuu zangu wakifungua wanakuta limeziba picha ya bahari. Si la Wazungu hilo? Basi waonyeshe Wazungu peke yao." Nikamjibu, "Sawa mama, kazi ndogo hiyo." Haikuwa ndogo. Vidakuzi ni vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kifaa cha mgeni ili imkumbuke au imfuatilie, na bango huomba ruhusa yake kwanza, kama sheria za Ulaya zinavyotaka.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kila anayefungua tovuti huja na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti, na anwani hizo hugawiwa kwa mafungu, kwa hiyo zipo hifadhidata zinazoonyesha fungu lipi liko nchi gani. Unaweza kuweka mojawapo kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoitoa tovuti, kwa mfano GeoLite2 ya MaxMind. Ni ya bure, ila tangu mwisho wa 2019 huipakui bila kujisajili na kupewa ufunguo. Kama tovuti iko nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako, yenyewe inaweza kukuletea herufi mbili za nchi. Njia hizo mbili nazipenda kuliko kupeleka anwani ya mgeni kwenye huduma ya mtu mwingine, maana Ulaya anwani ya IP nayo huhesabiwa kuwa taarifa binafsi. Utagawaje taarifa ya mtu ili ujue kama umwombe ruhusa ya kugawa taarifa zake? Na ile njia ya kivinjari inayomuuliza mtu kama anaruhusu tovuti ijue alipo, achana nayo. Utakuwa umeondoa bango moja ukaweka jingine.

Omba nchi tu, mji uache. Mimi nikitumia bando la simu hapa Bagamoyo mara nyingi naonekana niko Dar es Salaam. Kwenye nchi jibu huwa sahihi mara nyingi, kwenye mji ni ramli.

Orodha ya nchi nayo ina mitego. Wengi huandika zile 27 za Umoja wa Ulaya wakalala. Ongeza Norwei, Iceland na Liechtenstein, halafu Uingereza, ambayo ilitoka kwenye Umoja lakini ikabaki na sheria za namna ile ile. Herufi zake ni GB. Mimi niliandika UK, na Waingereza wakapita siku kadhaa bila kuulizwa neno. Tena usimsahau jirani yetu Mayotte, hapo visiwani Komoro: ni sehemu ya Ufaransa na ya Umoja wa Ulaya, lakini anwani zake hurudi na herufi YT, si FR. Réunion vilevile, RE.

Kilichonitoa jasho hasa ni kache, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka. Asubuhi niliyomaliza nilifungua tovuti, bango sikuliona, nikaenda zangu kunywa kahawa. Mchana ikaja barua pepe ya Mjerumani aliyetaka chumba: mbona hamkuniuliza kuhusu vidakuzi? (Wenzetu wale kwa hili hawana mchezo.) Kumbe ukurasa uliotengenezwa kwa ajili yangu, bila bango, ulikuwa umehifadhiwa, na kila aliyefuata akapewa nakala ile ile. Usiku kache ikafutwa, na safari hii aliyetangulia kufungua alikuwa mtu wa Ulaya. Saa mbili asubuhi mama akapiga simu: "Mwanangu, limerudi."

Dawa yake ni kuufanya ukurasa uwe mmoja kwa watu wote, kisha msimbo mdogo ndani ya kivinjari uulize seva kwenye njia ya pembeni: huyu aonyeshwe bango au la? Jibu ni ndiyo au hapana, na njia hiyo unaiwekea agizo la no-store ili lisihifadhiwe popote. Hakikisha pia seva inasoma anwani ya mgeni mwenyewe, si ya mtambo ulio mbele yake, la sivyo dunia nzima itaonekana inatoka nchi moja.

Bango likiwa linasubiri kujibiwa, msimbo wa takwimu na wa matangazo nao usubiri. Nimekuta tovuti nyingi zenye bango zuri huku vidakuzi vimeshapandwa kabla mtu hajagusa kitufe.

Mama nilimweleza jambo moja zaidi: nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo kumfichia bango Mtanzania si ruhusa ya kumfuatilia kimyakimya. Tukaondoa vidakuzi vya matangazo kwa kila mtu. Kwa tovuti ndogo kama yake, leo ningeanzia hapo hapo kabla ya kugusa habari ya nchi.

Seva isipojibu ndani ya sekunde moja, au nchi isipojulikana, onyesha bango. Mwenye VPN, huduma inayomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine, atakudanganya, huna la kumfanya. Kupima, ukishaipandisha tovuti mtandaoni tumia VPN ya Ujerumani katika dirisha la faragha; kabla ya kuipandisha, ifungue kwenye kompyuta yako mwenyewe. Hapo anwani ni 127.0.0.1, isiyo na nchi yoyote, kwa hiyo bango lazima litokee.