Swali la Lugha: Je, kila "leaf" ni jani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Wete, nafasiri kijitabu cha Kiingereza kuhusu mapishi na ususi wa Pemba. Kila nilipokuta "leaf" nimeweka jani. Bibi aliponisikia nikisoma "majani ya mnazi" na "majani ya muhogo yaliyotwangwa", akasema watu hawasemi hivyo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi yako yuko sahihi. Jani lenyewe si kosa: la mwembe, la mpera, la mkarafuu, yote ni majani. Lakini mmea ambao jani lake lina kazi nyumbani, jani hilo mara nyingi huwa na jina lake, na kijitabu chako kimejaa mimea ya namna hiyo.

La mnazi ni kuti, na makuti ndiyo yanayoezekea. Kipande kimoja kimoja cha kuti ni ukuti, na uti mgumu wa huo ukuti ni chelewa, zile tunazofungia fagio. Kwa hiyo kwenye sura ya ususi lazima ujue kwanza mwandishi anazungumzia kipi. Neno hili limeota mizizi hata kwenye habari za mpira: kocha aliyekaribia kufukuzwa amekalia kuti kavu. Weka jani hapo, usemi wote umekufa.

Mkindu una ukindu, unaotiwa rangi na kusukwa mikeka. Mtambuu una tambuu, ya kutafuna na popoo na chokaa. Majani ya muhogo yakiwa mboga ni kisamvu, ya viazi vitamu ni matembele.

Makonyo yasikuchanganye. Hayo si majani, ni vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na ndivyo vinavyotolewa mafuta pale kiwandani Wawi, huko huko Pemba. Mafuta ya majani ya mkarafuu ni kitu kingine.

Tena majani yetu ni mapana kuliko "leaf". Ukiandika "kata majani" bila kutaja ya nini, msomaji atachukua mundu akamkatie ng'ombe. Taja mmea kila mara.

"Leaf" ya kitabu ni karatasi. Upande wake mmoja ndio ukurasa. Na anayeanza maisha upya kwa Kiswahili hufungua ukurasa mpya, hageuzi jani.