Gome la mzambarau limeua uduvi: ni dawa au sumu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mama mkwe huchemsha gome la mzambarau akampa mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anapoharisha. Jirani yetu anayesoma chuo anasema wamelipima gome hilo maabara: limeua bakteria, lakini uduvi nao wamekufa. Niendelee kumpa? – Mama Rehema, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usimpe, lakini sababu yangu si hao uduvi.

Uduvi hao si wa kitoweo. Ni Artemia salina, wadogo mno, ambao mayai yao makavu huanguliwa kwenye maji ya bahari kwa siku moja au mbili. Nimefanya nao kazi maabara miaka mingi. Unaweka kumi kumi kwenye vichupa, unatia dondoo la mti, yaani kile kilichovutwa kutoka kwenye gome au majani, kwa viwango tofauti, kesho yake unahesabu waliokufa. Kinachotafutwa ni kiwango kinachoua nusu yao. Kwa hiyo "wamekufa" hainitoshi hata kidogo. Wamekufa kwa maikrogramu ngapi kwa mililita? Saiklofosfamidi, dawa ya saratani tunayolinganishia, huua nusu kwenye maikrogramu 16 hivi. Dondoo linalohitaji maelfu ni habari nyingine kabisa. Na hata hapo, uduvi si mtoto. Kipimo hicho ni cha kuchuja tu, kabla ya kwenda kwenye seli na wanyama.

Muulize pia jirani waliloweka gome kwenye nini. Maabara nyingi hutumia ethanoli au methanoli, ambazo huvuta vitu ambavyo maji hayavuti. Mama mkwe anachemsha kwa maji. Jambo hili linaniuma: tunapima kitu ambacho hakuna mgonjwa anayekinywa, kisha tunakihukumu kikombe cha bibi. Lipimwe na lile lililochemshwa jikoni, kwa sufuria na muda uleule.

Kuhusu bakteria, kuna sahani ya visima 96 ambamo dondoo huzimuliwa nusu kwa nusu, kisha hutiwa rangi. Kisima kikigeuka chekundu, bakteria wangali hai. Ni kipimo kizuri, lakini ndani ya kisima hakuna tumbo, ini wala damu. Tena kuharisha kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, kama rota, na kuua bakteria hakumgusi kirusi.

Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji. Mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na zahanati watakupa zinki ya siku 10 hadi 14. Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Mama mkwe usimkemee. Huko Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia, inayochunguza elimu kama yake. Akikubali mti wake upimwe, msipeleke gome peke yake, maana gome bila majani na maua ni vigumu kulitambua. Kateni tawi zima, mlibane ndani ya gazeti likauke, na mwandike lilikokatwa.