Nazi Haifiki Kashmir: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Michuzi ya Kaskazini mwa India

Swali: Shikamoo, Mama. Kwa miaka mingi nimepika kuku, mbuzi na hata dengu kwa bizari ya mchuzi ya paketi, vitunguu, nyanya na tui la nazi, nami nikiyaita mapishi hayo ya Kihindi. Juzi tulipata mgeni aliyekulia Delhi. Alikula vizuri na kusifu, kisha akasema kwa upole kwamba kwao hajawahi kuuona mchuzi wa namna hiyo. Nimekosea wapi? – *Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichompikia mgeni wako ni mchuzi wa nazi wa pwani yetu, nao ni chakula chenye heshima yake, ila umekibandika jina la nchi ya watu. Sehemu kubwa ya Wahindi waliohamia pwani ya Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na kwa hiyo tunachokiita chakula cha Kihindi huku kwetu kina asili ya huko zaidi kuliko ya kaskazini, tena kimeishi jirani na nazi yetu muda mrefu mpaka vikazoeana.

Kaskazini kuna mambo mengine. Kashmir ni nchi ya milima na theluji. Punjab, ambayo mwaka 1947 ilikatwa vipande viwili kati ya India na Pakistan, ni tambarare ya ngano na ng'ombe wa maziwa. Lucknow ulikuwa mji wa watawala waliowaweka wapishi mabingwa katika majumba yao. Na magharibi mwa Rajasthan ni jangwa. Katika mikoa hiyo mnazi si mti wa nyumbani, na mpishi hutafuta uzito na ulaini wa mchuzi wake kwingine.

Ukitaka kuitambua michuzi hiyo, usianze na orodha ya viungo. Jiulize kwanza chungu kimetiwa mafuta gani, kisha jiulize ni kitu gani kinachoufanya mchuzi uwe mzito na mchachu. Mpishi wa Kashmir atakujibu mafuta ya haradali na mtindi, na wa Punjab atakutajia samli, pamoja na vitunguu na nyanya vilivyokaangwa kwa subira mpaka mafuta yajitenge pembeni. Korma ya Lucknow, yaani mchuzi mzito wa nyama, husimama juu ya vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia, vikapondwa na kuchanganywa na mtindi, na mara nyingi lozi au korosho zilizosagwa. Rajasthan, ambako maji yalikuwa adimu, wapishi walizoea kupikia maziwa ya mgando na samli, na unga wa dengu ukachukua nafasi ya mboga zisizoota mchangani.

Paketi yako ya bizari haina kosa lolote, lakini ukiitia katika kila chungu, vyungu vyote vitanukia namna moja. Jipe mwezi mzima wa kupika mchuzi wa mkoa mmoja tu, mpaka mkono uzoee, ndipo uhamie mwingine.

Swali: Mama, nilijaribu rogan josh ya Kashmir kwa nyama ya mbuzi. Mara tu nilipomimina mtindi ulikatika, ukawa chembechembe zinazoelea katika maji. Tena nimesoma mahali kwamba haitiwi kitunguu, na kwingine kwamba kitunguu ni lazima. Nimwamini nani? – *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Waamini wote wawili, kwa sababu Kashmir ina majiko mawili. Wapandit, yaani Wahindu wa bonde hilo, kwa desturi yao hawatii kitunguu wala kitunguu saumu katika mchuzi huu, bali huanza na mvuje. Huo ni mvuje ule ule ambao watu wengi wa pwani wanaujua kama dawa kuliko kama kiungo, na harufu yake inayochukiza ukiwa mkavu hugeuka ikikutana na mafuta ya moto, ikakaribia sana harufu ya kitunguu kilichokaangwa. Wapishi Waislamu, wale wanaoandaa karamu kubwa iitwayo wazwan, hutumia kitunguu saumu na vitunguu vidogo vya huko, na wengi wao huongeza rangi kwa ua jekundu lililokaushwa, lenye umbo kama upanga wa kichwani mwa jogoo. Mimi napendelea upishi wa Wapandit kwa mtu anayejifunza, kwa kuwa viungo vyake ni vichache na kila kimoja unakisikia.

Kwa kilo 1 ya mbuzi au kondoo mwenye mifupa, pasha vijiko vikubwa 4 vya mafuta, utie mvuje kiasi cha punje ya dengu, karafuu 4, kijiti cha mdalasini na iliki nyeusi 2. Tia nyama na chumvi, uikaange kwa moto wa wastani mpaka maji yake yakauke na ishike rangi, kazi ambayo inaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Usiiharakishe, maana ladha ya mchuzi wote hutengenezwa hapo. Kisha utie vijiko vidogo 3 vya pilipili ya Kashmir ya unga, ambayo ina wekundu mwingi na ukali mdogo. Ukiikosa, changanya paprika na pilipili kali kidogo sana, na usithubutu kutia vijiko 3 vya pilipili kali ya kwetu.

Sasa tuje kwenye mtindi. Mtindi hukatika kwa sababu protini za maziwa zikipata joto la ghafla hujikunja, hushikamana na kuyasukuma maji nje, na uchachu huzidisha hali hiyo. Chukua kikombe 1 cha mtindi mzito usioondolewa mafuta, uuache nje ya friji mpaka upoteze ubaridi, kisha uupige kwa uma mpaka uwe laini kabisa. Punguza moto, utie kijiko kimoja kimoja, na kila mara koroga mpaka kiingie ndani ya nyama kabla ya kutia kingine. Mwisho weka vijiko vidogo 3 vya shamari zilizosagwa, zile mbegu za kijani ambazo hoteli nyingi za Kihindi humpa mteja atafune baada ya kula, na kijiko kidogo 1 na nusu cha tangawizi kavu ya unga. Mimina vikombe 2 vya maji ya moto, funika, uache ichemke polepole kwa saa moja na nusu, mpaka nyama iwe laini na mafuta mekundu yapande juu.

Swali: Je, kuku wa siagi ni chakula cha kale cha Wapunjabi? – *Msomaji, Kampala*

Jibu: Si cha kale. Kilipata umaarufu Delhi baada ya mgawanyo wa 1947, katika mkahawa wa Moti Mahal ulioendeshwa na wakimbizi kutoka Peshawar, na kuhusu nani hasa aliyekibuni, warithi wao wamefikishana mahakamani.

Swali: Dada, naishi London. Duka la karibu linauza mafuta ya haradali, lakini chupa imeandikwa kwamba ni ya kupaka mwilini tu. Majirani zangu kutoka Bihar, India, wanayapikia kila siku. Nifanyeje? – *Msomaji, London*

Jibu: Ndugu yangu, maandishi hayo yapo kwa sababu mafuta hayo yana asidi ya eruki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, kwa wingi, na majaribio kwa wanyama yaliwatia wataalamu wasiwasi juu ya moyo. Ni kweli kwamba Bihar, Bengal na Kashmir wameyapikia kwa vizazi vingi, wakiyapasha kwanza mpaka yafuke moshi ili ukali wake upungue. Hata hivyo sitakushauri uipuuze chupa. Tumia mafuta ya kawaida, urushe ndani yake kijiko kidogo cha mbegu za haradali mpaka zipasuke, na utakuwa umepata sehemu nzuri ya harufu unayoitafuta.

Swali: Huku kwetu hakuna duka la Kihindi. Naweza kuanza na mchuzi gani? – *Msomaji, Kigoma*

Jibu: Anza na kadhi ya Kipunjabi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, maana unga unaokaangia bhajia ndio huo huo. Ile kadhi ambayo baadhi yetu tumeionja kwa majirani wa Kigujarati ni nyepesi na ina sukari, lakini ya Punjab ni nzito, chachu na haina utamu. Koroga vikombe 2 vya mtindi uliochacha vizuri, vijiko vikubwa 4 vya unga wa dengu, kijiko kidogo 1 cha manjano na vikombe 4 vya maji mpaka madonge yaishe, kisha uinjike na usiache kukoroga mpaka ichemke. Unga huo ndio unaouzuia mtindi usikatike. Punguza moto, uitokose kwa dakika 45 angalau, ili unga upoteze ubichi wake, halafu utie chumvi na bhajia za vitunguu. Katika samli ya moto kaanga nusu kijiko kidogo cha uwatu, kijiko kidogo cha bizari nyembamba na pilipili kavu 2. Uwatu ukianza kuwa mwekundu ondoa haraka, kwa sababu ukiungua huwa mchungu, kisha mimina vyote juu ya kadhi na uipakue pamoja na wali mweupe.