Kamba Iliyoonekana

SWALI

Ndugu Mhariri, Jumapili iliyopita tulibahatika kuwa na umeme jioni nzima, nami pamoja na watoto tukatazama filamu ya zamani ya Marekani iitwayo Plan 9 from Outer Space, ambayo kijana wa jirani alituletea kwenye flashi. Inahusu viumbe wa anga za juu wanaofufua maiti makaburini. Imetengenezwa vibaya mno, visahani vyao vya kurukia angani vinaning'inia kwenye kamba, lakini tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, alitukemea akisema kwamba kuicheka kazi ya mtu ni dharau, na kwamba kutazama kitu kibovu kwa makusudi ni kupoteza wakati. Je, ni kweli? Na mbona ilitufurahisha kiasi hicho?

Mama wa watoto wanne, Himbi, Goma

JIBU

Mama mpendwa, kaka yako anatetea heshima ya kazi, na kwa hilo namuunga mkono, lakini nadhani hakutambua furaha yenu ilitoka wapi.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Ed Wood, aliipiga mwaka 1956 kwa fedha kidogo, ambazo sehemu yake ilitoka kwa waumini wa kanisa moja la Kibaptisti. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, waliitangaza kuwa filamu mbovu kuliko zote, na tangu siku hiyo watu hawajaacha kuitafuta, ilhali filamu nyingi za wakati wake zilizotengenezwa vizuri hakuna anayezikumbuka.

Rudieni sehemu ya marubani. Chumba chao ndani ya ndege ni ukuta mtupu na viti, na mahali pa mlango pametundikwa pazia. Mkitulia kidogo mtaona hata kivuli cha maikrofoni kikipita ukutani. Humo ndani waigizaji wanazungumza juu ya kisahani walichokiona angani kwa uzito wote, kana kwamba usalama wa dunia umewekwa mikononi mwao. Kinachochekesha ni umbali uliopo kati ya jambo kubwa wanalotaka tuliamini na pazia lile tunaloliona kwa macho yetu. Ndiyo maana mtu anayetengeneza filamu mbovu kwa makusudi, ili tumcheke, mara nyingi hutuchosha: yeye hakujaribu kufika popote, basi hakuna umbali wa kuupima.

Hadithi za kisayansi huumbuka kwa urahisi kuliko hadithi nyingine. Kisa cha mapenzi unaweza kukipiga uani, chini ya mparachichi, na mtazamaji asihisi kwamba kuna kilichopungua, lakini anayetaka kutuonyesha chombo kutoka sayari nyingine analazimika kuunda kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na mfuko ukiwa mtupu, utupu huo ndio unaoonekana kwanza. Katika filamu nyingine ya Marekani, Robot Monster ya mwaka 1953, kiumbe kutoka angani ni mtu aliyevaa vazi la sokwe na kofia kubwa ya chuma kichwani.

Kuhusu dharau, mfikirieni Bela Lugosi, mwigizaji mzee mwenye joho jeusi. Alifariki Agosti 1956, akiacha picha chache tu za filamu ambazo Wood alikuwa amempiga. Wood hakuzitupa. Alizijengea filamu nzima, na palipopungua akamweka mtu mwingine, mrefu kuliko marehemu, ambaye anapita akiwa amejifunika uso kwa joho. Wengine huona hapo udanganyifu wa wazi. Mimi namwona mtu aliyekataa kuzika picha za mwisho za rafiki yake, na kila nikiitazama sehemu hiyo nacheka, kisha kicheko chenyewe kinapoa.

Hapa Goma mnajua kicheko cha aina hiyo. Mtoto anapojiundia chukudu yake ya kwanza, ile skuta ya kusukuma kwa mguu, kwa vipande vya mbao, gurudumu likachomoka kwenye mteremko, wakubwa hucheka sana, na papo hapo mmoja wao huinama kuangalia lilivyofungwa. Aliyeinama hakumdharau mtoto. Dharau ingekuwapo kama angecheka umaskini wa nyumba anakotoka.

Kwa hiyo, Mama, mwombe kaka aketi nanyi siku nyingine umeme ukiwapo. Simamisheni picha pale kivuli cha maikrofoni kinapotokea, mwulizeni mtoto wenu mdogo taa ilikuwa upande gani na aliyeshika maikrofoni alisimama wapi. Mwalimu atapenda kusikia majibu, maana mtoto aliyeiona kamba ya kisahani ameshaanza kujua jinsi filamu zote zinavyotengenezwa, zikiwemo zile ambazo kamba zake zimefichwa vizuri.